Bwawa Gani Hilo? Mwongozo wa Kuainisha Mito, Maziwa na Ardhi Oevu za Lindi na Mtwara

Ukiteremka kutoka Newala kuelekea Ruvuma mwezi wa kumi, jua limekausha kila kitu, mwenyeji wako atanyoosha mkono kwenye uwanda wa nyasi kavu na udongo uliopasuka nyufa, akuambie, "Pale ni bwawa." Usibishe. Rudi mwezi wa tatu utalikuta bwawa lake, na watoto wanavua kambare humo. Mwenyeji hajakosea. Ila neno hilohilo tunalitumia kwa dimbwi la msimu, kwa bonde la matete lisilokauka, kwa majaruba ya mpunga, kwa lambo lililochimbwa na katapila, na wengine hata kwa ziwa lenye kina. Yote hayo hutunza maji, lakini kila moja hupata maji yake kwa njia yake, na ukiikosea njia hiyo utaliharibu eneo huku ukiamini unalitengeneza.

Nimeliona hilo katika kijiji kimoja cha bonde la Lukuledi. Palikuwa na bonde pana, maji yakipita polepole chini ya mafunjo bila mfereji wowote wa kuonekana. Pembeni akina mama walikuwa na kisima kifupi cha kuchota kwa kata, kisichokauka hata Novemba. Mkandarasi mmoja aliyekuja kwa kazi nyingine akashauri tuchimbe mtaro mmoja ulionyooka katikati ya bonde, ili maji "yapate pa kwenda" na sisi tupate bustani. Nilikuwa kwenye mkutano ule, na nilinyoosha mkono kukubali. Mtaro ulichimbwa wa kina cha goti. Baada ya masika mawili ulikuwa korongo la kufika kifuani, kingo zikidondoka kila mvua, mafunjo yamenyauka pande zote mbili, na kisima cha akina mama kimekauka mwezi wa tisa. Hakuna aliyeuliza, "Bonde hili lina mkondo au halina?" Swali hilo pekee lingetosha kutuzuia.

Kuna njia nyingi za kupanga maeneo ya maji katika aina. Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000, una orodha ya aina 42: za pwani na bahari, za bara, na zilizotengenezwa na binadamu. Orodha hiyo ni nzuri kwa ripoti za taifa. Kwa kazi ya kijiji napendelea njia nyingine, iliyopewa msukumo mwaka 1993 na mwanaikolojia wa Marekani, Mark Brinson, na ambayo wenzetu wa Afrika Kusini waliifanyia kazi sana na kuutoa mfumo wao mwaka 2013. Njia hiyo haianzi na mimea wala samaki. Inauliza mambo matatu: eneo limekaa wapi katika umbo la nchi, maji yanaingiaje na kutokaje, na yanakaa muda gani. Mimea inaweza kufyekwa na samaki kuvuliwa wakaisha, lakini umbo la nchi na njia ya maji havibadiliki upesi.

Kabla ya kutoka nyumbani

Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Mtu anayeonekana anachimba mashimo na kupima bonde bila kutoa taarifa hudhaniwa ni wa kugawa viwanja, na atakayejibiwa vibaya ni yule atakayekuja baada yako. Omba upewe mtu mzima anayelima au kuchota maji mahali hapo. Mimi huomba mwanamke, kwa sababu wao ndio wanaojua kisima kinapungua lini na kwa kiasi gani.

Panga safari mbili. Kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Safari ya kwanza iwe Machi au Aprili, maji yanapokuwa mengi. Ya pili iwe Septemba au Oktoba. Ukienda mara moja tu, utakuwa umepiga picha ya siku moja na kuiita tabia ya eneo.

Beba jembe au chepe, kamba yenye fundo kila mita, kijiti kirefu cha kupimia kina, chupa mbili safi za plastiki, daftari, na simu inayosoma mahali ulipo. Ukipata ramani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000, ichukue. Mistari yake ya mwinuko itakuokolea nusu siku. Vaa buti za mpira, kwani maji yaliyotuama yana kichocho. Kando ya Ruvuma usikanyage ukingo kabla ya kuuliza wenyeji kuhusu mamba na viboko. Hili silisemi kwa kutisha, watu hupotea pale.

Hatua ya 1: Chimba kwanza

Swali la mwanzo ni kama eneo ni ardhi oevu au la. Kwa Mkataba wa Ramsar, ardhi oevu inaweza kuwa ya asili au ya kutengenezwa, ya kudumu au ya muda, yenye maji yaliyotuama au yanayotiririka, baridi au ya chumvi, na hata bahari isiyozidi kina cha mita 6 wakati wa maji kupwa imo. Maana hiyo ni pana mno kukusaidia ukiwa umesimama kwenye nyasi kavu. Huko shambani tazama vitu vitatu: maji, mimea, na udongo. Maji ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote, maana mvua ya jana hujaza hata uwanja wa mpira. Udongo ndio shahidi anayekumbuka.

Chimba shimo la kina cha sentimita 50, ukuta mmoja uwe wima. Lowesha bonge la udongo kidogo, ulivunje mkononi, ulitazame kwenye mwanga. Udongo wa kawaida wa huku ni mwekundu au wa kahawia, kwa sababu ya chuma kilichokutana na hewa, yaani kutu. Mahali panapojaa maji kwa wiki nyingi kila mwaka, hewa hufukuzwa katika vitundu vya udongo, vijidudu humaliza oksijeni iliyobaki, kisha huanza kukitumia kile chuma. Chuma huyeyuka na kuondoka, na udongo hubaki wa kijivu, kama jivu la jikoni lililomwagiwa maji. Maji yanaposhuka, hewa hurudi kwanza kupitia njia za mizizi, na hapo chuma hupata kutu tena. Ndiyo maana utaona kijivu chenye madoadoa ya rangi ya chungwa, na ukichomoa mzizi wa mpunga au ndago utakuta umevikwa soksi ya kutu. Ukiona kijivu na madoadoa hayo ndani ya sentimita 50 za juu, uko kwenye ardhi oevu, hata kama vumbi linakupanda puani.

Angalizo kwa ndugu zangu wa nyanda za mchanga: mchanga mweupe wa pwani na wa Makonde mara nyingi hauna chuma cha kutosha, kwa hiyo madoadoa hayatatokea vizuri. Hapo tafuta tabaka jeusi la majani yaliyooza juu ya mchanga uliopauka, na unuse. Harufu ya yai viza ni ushahidi.

Kwenye maji yaliyosimama ndani ya shimo lako au kandokando unaweza kuona utando unaong'aa kama mafuta. Watu wameitisha mikutano wakidhani wamepata mafuta ya ardhini. Uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande kama kioo chembamba na vipande vikabaki mbalimbali, ni bakteria wa chuma, dalili nzuri kwamba maji ya ardhini yanatokeza hapo. Ukijikunja na kuungana tena, ni dizeli au oili ya mtu, fuata ilikotoka.

Kwa mimea, matete, mafunjo, ndago wakubwa na myungiyungi ni wa majini. Ukindu hupenda udongo wenye unyevu, lakini usiutegemee peke yake.

Hatua ya 2: Jua bahari inaishia wapi

Mwongozo huu ni wa maji ya bara, kwa hiyo lazima ujue bara linaanzia wapi. Kipimo ni maji kujaa na kupwa, si chumvi peke yake. Ukipanda kutoka Lindi mjini kufuata hori la Lukuledi, utakutana na mikoko kwanza: mlilana na mchu kwenye tope la nje, mkandaa ndani zaidi. Kote huko ni mlango wa mto, eneo la pwani. Endelea kupanda. Kuna sehemu ambapo mikoko imekwisha na maji hayana ladha ya chumvi, lakini siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, yanapanda na kushuka. Sehemu hiyo bado ni ya mlango wa mto, kwa sababu bahari ndiyo inayoamuru kina chake. Bara linaanzia pale ambapo mvuvi atakuambia, "Hapa bamvua haifiki." Muulize mvuvi, usikisie. Ni hivyohivyo kwenye mlango wa Ruvuma, ndani na jirani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000.

Wa Kilwa watakumbuka kwamba pwani yao imo katika eneo la Ramsar la Rufiji, Mafia na Kilwa, lililoorodheshwa mwaka 2004. Kuorodheshwa huko hakubadilishi hatua hizi. Mabonde ya ndani ya Kilwa bado yanahitaji kuainishwa moja moja.

Hatua ya 3: Asili au limetengenezwa?

Hatua hii ni fupi. Lambo la mifugo, bwawa la tuta, majaruba, mashimo ya kokoto yaliyojaa maji na mashamba ya chumvi yaandike kando kama maeneo yaliyotengenezwa. Kuwa mwangalifu na majaruba tu: mengi yamejengwa ndani ya ardhi oevu ya asili. Hapo andika yote mawili, asili yake na matumizi yake ya leo. Ukiandika "shamba la mpunga" peke yake, umelifuta bonde lenyewe kwenye kumbukumbu.

Hatua ya 4: Simama mbali, utazame nchi

Panda mahali pa juu. Unatafuta jambo moja: eneo limekaa kwenye mteremko, kwenye sakafu ya bonde, kwenye tambarare pana, au kwenye kidaraja cha ubapa kilichokatiza mteremko. Hakuna mahali pazuri pa kujifunza hili kuliko ukingo wa uwanda wa Makonde pale Newala, Shimo la Mungu. Nyuma yako ni uwanda wa mchanga usio na mto hata mmoja wa maana, kwa sababu mvua inayonyesha juu huzama chini papo hapo. Mbele yako mteremko unashuka kwa ghafla kwenda bonde la Ruvuma. Maji yaliyozama juu hutokea huko chini, kwenye miteremko na miguuni mwa uwanda. Wamakonde wa juu wamebeba maji kutoka mabondeni vizazi na vizazi, na tangu miaka ya 1950 maji yamesukumwa kwa mitambo kupandishwa uwandani. Ukiielewa safari hiyo ya maji, umeelewa nusu ya ardhi oevu za Mtwara.

Hatua ya 5: Fuata njia ya maji

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, usiharakishe. Tembea eneo lote kwa miguu, kutoka juu kwenda chini, ukijiuliza: Maji yanaingia kwa mkondo, kwa kuvuja kutoka ardhini, kwa mto kufurika, au kwa mvua tu? Ndani yanapita kwenye mfereji au yanatambaa? Na yanatokaje? Majibu yatakupeleka kwenye mojawapo ya aina saba.

*Mto.* Mfereji wenye kingo na sakafu, maji yanapita humo mwaka mzima au kwa msimu. Ruvuma, wenye urefu wa karibu kilomita 800, Lukuledi, Mbwemkuru na Matandu ni mito. Hata kijito cha kuruka kwa hatua moja ni mto kwa maana hii. Mto uliobaki mchanga mtupu mwezi wa tisa haujaacha kuwa mto. Chimba kiganja kimoja kwenye mchanga wake, utakuta maji bado yanasafiri chini kwa chini.

*Uwanda wa mafuriko.* Ardhi bapa kandokando ya mto, iliyojengwa na mto wenyewe kwa kumwaga tope na mchanga kila unapofurika. Alama zake ni tuta la asili kando ya ukingo, mikono ya zamani ya mto iliyokatika ikabaki kama mundu wa maji, na tabaka za mchanga na tope zinazopishana kwenye shimo lako. Wakulima wa mpunga wa Ruvuma ya chini wanaishi juu ya aina hii. Rutuba yao huletwa na furiko, ndiyo maana kumwambia mkulima wa huko kwamba furiko ni adui tu ni kutomwelewa. Lakini nyumba ya kudumu isijengwe humo. Mafuriko ya Januari 2020 huko Kilwa na Lindi yalionyesha maji yanakumbuka uwanda wake hata watu wakiusahau.

*Bonde lenye mkondo.* Sakafu ya bonde ni oevu, na mkondo unapita ndani yake, lakini haukuijenga kwa mafuriko kama Ruvuma ilivyofanya. Maji mengi ya aina hii hutoka kwenye miteremko ya pembeni, yakielekea mkondoni. Ukitaka kuitofautisha na uwanda wa mafuriko, chimba karibu na mguu wa kilima badala ya karibu na mkondo. Kama udongo wa kule pembeni una kijivu kingi na unyevu kuliko wa kandokando ya mkondo, maji yanatoka kilimani.

*Bonde lisilo na mkondo.* Hili ndilo tuliloliharibu. Sakafu ya bonde ni pana, maji yanatambaa kwa upana wote katikati ya mimea, huoni mfereji. Mimea ndiyo inayoyashikilia yasikimbie. Kazi kubwa ya bonde hili ni kupunguza mwendo wa maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo kiangazi. Ukilichimbia mtaro, umelilazimisha kuwa bonde lenye mkondo: maji yote yanakusanyika kwenye mstari mmoja, yanapata nguvu, yanakata chini, na maji ya ardhini ya pande zote yanashuka kuufuata mtaro. Kulirudisha ni kazi ya miaka, kwa vizuizi vya mawe na magunia ya mchanga, na kupanda matete upya.

Vijia vya kupita katika mabonde haya visikudanganye. Ng'ombe na miguu ya watu hukata kijia ambacho masika hugeuka kijito cha mita chache. Fuata kijia hicho kwenda chini. Kikipotea ndani ya nyasi, bonde bado halina mkondo, ila limeanza kujeruhiwa, liandike hivyo.

*Kibonyeo.* Mahali palipozama, maji huingia na kukusanyika, na mistari ya mwinuko inafunga duara. Ziwa Rutamba, bara ya Lindi mjini, karibu na msitu wa Litipo, ni mahali pazuri pa kujifunzia aina hii kwa ukubwa. Kwenye maji makubwa kama hayo tenga sehemu ya kina kinachozidi mita 2 wakati maji yamepungua, iite ziwa la wazi, na pembe zake zenye matete ziandike kama ardhi oevu ya kando. Uliza pia kama kuna njia ya kutokea maji, maana kibonyeo kisicho na tokeo hukusanya kila kinachoingia, chumvi, mbolea na dawa za mikorosho zikiwemo.

Vibonyeo vidogo visidharauliwe. Juu ya milima ya mawe ya Masasi kuna visahani vya maji visivyozidi upana wa ungo, na hivyo pia ni vibonyeo. Na kwenye madimbwi ya msimu ya kusini-mashariki wanaishi samaki wadogo, madume yao yana rangi kali za bluu na nyekundu, ambao hutaga mayai kwenye tope. Dimbwi hukauka, wazazi hufa, mayai hulala ndani ya tope kavu miezi yote ya kiangazi, na mvua ya kwanza huyaangua. Ndiyo maana wazee husema samaki hao wameanguka na mvua. Dimbwi la namna hiyo linategemea kukauka kwake. Ukilichimba liwe lambo la kudumu na kuweka kambare, umewamaliza. Nimesimama mwezi wa kwanza kando ya dimbwi lililokuwa vumbi wiki chache kabla, nikawaona wakicheza kwenye maji ya kufika kifundoni, na tangu siku hiyo siwezi kupita dimbwi kavu bila kusimama.

*Mvujio wa mteremkoni.* Maji yanachuruzika kutoka ardhini kwenye mteremko au mguuni mwake, mara nyingi ambapo tabaka la mchanga limelala juu ya tabaka gumu la udongo wa mfinyanzi. Hakuna bwawa, hakuna mto, ila udongo ni chepechepe na nyasi ni kijani wakati kila kitu ni kahawia. Yanapotokea kwa nguvu mahali pamoja tunaita chemchemi. Kandokando ya uwanda wa Makonde aina hii ndiyo inayolisha watu. Bibi mmoja aliyenisindikiza huko alinizuia nilipotaka kuanza kuchimba juu kidogo ya chemchemi yao. "Mjukuu wangu," alisema, "hapo ndipo mlango, usiuvunje. Chimba upande." Alikuwa sahihi kabisa. Kwenye mvujio, eneo la juu ya tokeo ndilo la kulindwa zaidi, wala si bonde la chini peke yake. Choo au zizi likiwekwa juu yake, litaonekana kwenye ndoo.

*Mbuga tambarare.* Uwanda bapa, mara nyingi wa udongo mweusi wa mfinyanzi, unaojaa maji ya mvua kwa sababu hayana pa kwenda. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Hauna duara la kibonyeo wala mto unaoulisha.

Eneo moja linaweza kuwa na hata aina nne kwa pamoja. Kutoka juu ya uwanda kushuka Ruvuma utavuka mvujio, kisha uwanda wa mafuriko, ndani yake kibonyeo cha mkono wa zamani wa mto, halafu mto wenyewe. Ziandike zote nne, kila moja na mpaka wake. Usilazimishe jina moja.

Hatua ya 6: Maji hukaa muda gani

Tenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: maji kuonekana juu ya ardhi, na udongo kushiba maji chini ya uso. Bonde linaweza lisiwe na maji juu mwezi wa nane, lakini shimo la sentimita 30 likajaa baada ya robo saa. Kwa kila moja andika: mwaka mzima, kila msimu wa mvua, au mara chache mvua inapozidi. Safari zako mbili, shimo, na kumbukumbu za wenyeji zitakupa jibu. Kwenye eneo kubwa utakuta ukanda wa katikati ni wa kudumu, unaofuata ni wa msimu, na wa nje kabisa ni wa mara chache. Kijivu kizito bila madoadoa mengi huwa katikati, madoadoa mengi huwa kwenye ukanda wa msimu.

Usiulize, "Maji hukaa miezi mingapi?" Watu hawahesabu hivyo. Uliza, "Mkianza kuvuna korosho, hapa mnapita kwa miguu mikavu?" au "Siku za kupanda mpunga maji yanafika wapi mguuni?" Jibu litakuja lenye uhakika.

Hatua ya 7: Maelezo ya nyongeza

Chota chupa ya maji, iache itulie, andika rangi na tope lililozama. Kama umeazima kipima chumvi, maji yasiyozidi gramu 0.5 za chumvi kwa lita ni baridi. Bahari ina kama gramu 35. Andika sakafu ni ya mchanga, tope, mfinyanzi au mwamba, mimea inayotawala, na matumizi: mpunga, uvuvi, ufinyanzi, matofali, ukindu wa mikeka, tambiko. Usiyaache ya tambiko, mara nyingi ndiyo yaliyolilinda eneo kuliko kibao chochote.

Hatua ya 8: Chora na uandike

Mpaka hauwekwi pale maji yalipoishia siku uliyofika. Unawekwa pale dalili za udongo zinapoishia. Chimba mashimo kwa mstari kutoka katikati kwenda nje, kila hatua kumi, hadi shimo ambalo halina kijivu wala madoadoa ndani ya sentimita 50. Rudi nusu ya umbali, chimba jingine, uhakikishe. Weka mambo, yaani vigingi, soma mahali kwa simu, kisha hamia mstari mwingine. Kwa bonde la wastani mistari minne inatosha.

Kumbukumbu yangu ya kawaida husomeka hivi: "Bara. Asili, sehemu ya kusini ina majaruba. Sakafu ya bonde. Bonde lisilo na mkondo, na mvujio upande wa mashariki. Udongo umeshiba mwaka mzima katikati, kwa msimu pembeni; maji ya juu Januari hadi Mei. Maji baridi, tope jeusi juu ya mfinyanzi wa kijivu. Mafunjo na matete. Kisima 1 cha kuchota. Kijia cha ng'ombe kimeanza kukata, kina cha kiganja. Tarehe, majina ya tuliokwenda." Mistari hiyo michache inatosha kwa afisa yeyote kuelewa mahali ambapo hajawahi kufika.

Ipeleke nakala kwenye serikali ya kijiji, iwekwe pamoja na mpango wa matumizi bora ya ardhi, na nyingine kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, ambayo makao yake yako Mtwara. Itafaa pia siku ya mzozo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito, maziwa ya asili na mabwawa. Kwenye mto ni rahisi kupima, ukingo unauona. Kwenye bonde lisilo na mkondo hakuna ukingo, na kila mwenye kiwanja ataanzia kamba yake anapopenda. Hapo mpaka wenu wa mashimo, ukiwa na mambo zake na tarehe yake, ndiyo hoja mtakayoiweka mezani.

Mambo za miti huliwa na mchwa kabla ya masika mawili. Panda minyaa kwenye kila alama, na mwezi wa kumi mkirudi na jembe, anzeni na shimo la kandokando ya kisima.